Fedha Zetu Benki Zafanya Kazi Gani?

Mwenye kutoka mjini Mwanza akishika njia ya Shinyanga hupita Nyegezi, kisha hufika Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana yenye vilima vya mawe. Ziwa haliko mbali. Siku hizi mfanyakazi wa huku hana haja ya kupanda basi kwenda mjini kuweka akiba yake. Wakala yupo kando ya barabara, na simu i mfukoni. Safari zimepungua, na karatasi zimepungua. Hayo ndiyo wengi wayafahamuyo wasikiapo habari za benki inayotunza mazingira.

Ni mema, wala hatuyabezi. (Kile kijikaratasi cha risiti kinachofifia maandishi kimepakwa dawa, afadhali mteja aseme hakihitaji.) Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba jambo kubwa limo katika mikopo. Shilingi iliyowekwa leo kesho yaweza kumfikia mwenye kiwanda amwagaye maji machafu ziwani, au mwenye kuyasafisha maji hayo kwanza.

Tumtazame mvuvi wa dagaa. Yeye huvua usiku wa giza kwa taa. Kwa miaka mingi taa yake ilikuwa karabai, na kila atokapo sharti anunue mafuta ya taa. Taa za umeme wa jua sasa zipo. Bei yake ya kwanza ndiyo nzito. Baadaye jua halidai malipo, ila betri huchakaa na lazima zibadilishwe. Karani wa mikopo asiyeijua hesabu hii ataliona ombi la taa kuwa anasa, atalikataa. Aijuaye atahesabu fedha za mafuta zilizookolewa, ataona marejesho yamo humo humo. Tena atamweleza mvuvi habari ya betri kabla hajatia sahihi.

Basi mafunzo ya wafanyakazi wa benki si pambo. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaoyataka mabenki yapime hatari zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Benki ya CRDB ilikwisha kuidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa dunia, na mwaka 2021 ukapitishwa mpango wa dola milioni 200 kwa ajili ya wakulima, nusu zikitoka katika Mfuko huo na nusu katika benki yenyewe. Mwaka 2023 benki hiyo iliuza hatifungani ya kijani ikitafuta shilingi bilioni 40. Wananchi na mashirika wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga nayo iliuza yake, ya bilioni 53, kwa kazi za maji.

Fedha basi zipo. Lakini ni wakulima na wavuvi wangapi wajuao kwamba mikopo ya namna hii yaweza kuombwa? Yafaa mteja aulize dirishani: mkopo wa taa ya jua, au wa pampu ya kumwagilia, waupata nani, kwa riba gani, kwa dhamana ipi? Karani akijibu kwamba hajui, tusimkemee yeye, aliajiriwa asifundishwe. Vyama vya wafanyakazi vyaweza kulitia jambo hili katika mazungumzo yao na waajiri, pamoja na mishahara na saa za kazi.