Msambu: Mti wa Mafuta Yanayoganda

Katika misitu ya mvua ya milima ya Usambara Mashariki, Nguru, Uluguru na Udzungwa huota mti mrefu uitwao msambu, au mkanyi kwa Waluguru. Wataalamu wa elimu ya mimea huuita Allanblackia stuhlmannii. Kwa asili mti huu hauoti katika nchi yoyote isipokuwa Tanzania.

Tunda lake huweza kufikia urefu wa sentimita 30, na likiiva huanguka lenyewe. Ndani yake mna makumi ya mbegu zilizozungukwa na ute. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini kikavu cha mbegu ni mafuta. Tangu zamani wenyeji huzitwanga mbegu, huzichemsha na kuyaengua mafuta kwa ajili ya kupikia na kutengenezea sabuni.

Mafuta haya huganda hata pasipo baridi kali. Sababu ni kwamba karibu nusu yake ni asidi ya stiariki, ambayo minyororo yake ya kaboni imenyooka na hujipanga kwa kushikamana. Sehemu kubwa iliyobaki ni asidi ya oleiki, ambayo mnyororo wake una pindo moja. Kwa tabia hiyo yanafaa kutengenezea majarini, na mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu yatumike katika chakula cha namna hiyo.

Soko likipanuka, je, msitu utastahimili? Ikiwa kila mbegu iliyoanguka itaokotwa, miche itatoka wapi? Tena mbegu ya msambu ni nzito kuota: huweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi, na mche wake hukua miaka mingi kabla ya kuzaa.

Liko jambo jingine. Kama mpapai, msambu una miti dume na miti jike. Dume hauzai, lakini chavua yake ndiyo inayoyawezesha maua ya jike kufanya matunda. Mkulima anayeukata mti dume kwa kuudhania tasa, hupunguza mavuno ya majike yaliyo jirani.

Kwa hiyo watafiti wamejaribu kubebesha vikonyo vya miti jike iliyokwisha kuzaa juu ya miche michanga. Mti wa namna hiyo hujulikana jinsia yake tangu kitaluni, na huzaa mapema zaidi. Hata hivyo, shamba la majike matupu litatoa maua mengi na matunda haba: hapana budi madume machache yapandwe kati yao.