Kipakatalishi Kimewaka, Mbona Kioo ni Cheusi?

Jarida hili ulilo nalo mkononi nusura lisitoke mwaka huu. Sababu haikuwa uhaba wa insha wala karatasi, bali kioo kimoja cheusi tititi. Nitakusimulia yaliyonipata, kisha nikueleze la kufanya siku yatakapokupata, maana leo ni kwangu, kesho ni kwako.

Wanachama tulichanga pesa kwa mihula miwili ili tununue kipakatalishi kipya cha kuchapia jarida. Mimi, kwa kuwa ni katibu, niliandamana na mwalimu mlezi hadi mjini. Tulikuwa tukikimbilia matatu ya mwisho, kwa hivyo hatukukiwasha dukani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Njia nzima nilikipakata kama mtoto mchanga. Lakini tulipofika penye matuta, sanduku lilinichupa mapajani likagonga kiti cha mbele. Mwalimu alikuwa amesinzia. Nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Usiku baada ya masomo ya jioni nilikiwasha. Taa ikawaka, feni ikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi kama masizi. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha tena. Wapi! Nikakirudisha sandukuni, nikaenda kulala, ingawa usingizi wenyewe ulinipaa.

Asubuhi mhazini wetu alikigundua kisa hicho, akapiga kelele: "Haiya! Wewe uliiangusha kwa matatu, sema tu ukweli!" Mwingine akadakia: "Hii kitu imekufa. Leteni bisibisi kutoka maabara tuifungue." Hapo mwalimu akaingia. Akasema, "Hakuna atakayefungua chochote, na hakuna atakayelaumiwa kabla hatujajua shida iko wapi."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza habari ya lile tuta. Hakunigombeza. Alinipa daftari akasema, "Andika kila tutakalofanya na kila tutakaloona."

Basi sikiza, ndugu msomaji. Ili uone picha kwenye kioo, mambo matatu lazima yatimie: umeme uingie, mashine yenyewe ifanye kazi, na picha ifike kiooni. Taa ikiwaka, umejua kwamba umeme umeingia, basi. Hujajua lolote kuhusu hayo mengine mawili. Kazi yako ni kupunguza washukiwa mmoja mmoja, ukianza na jambo rahisi lisilo na gharama.

Kwanza, ngoja. Baadhi ya tarakilishi mpya, hasa zenye kumbukumbu ya aina ya DDR5, huipima kumbukumbu hiyo mara ya kwanza zinapowashwa, na kioo huweza kukaa cheusi kwa dakika kadhaa. Ukizima kila baada ya nusu dakika, nilivyofanya mimi, unaikatiza kazi yake. Tuliunganisha chaja, tukangoja dakika kumi. Kioo kilikuwa kile kile.

Pili, mwaga umeme uliobaki ndani. Zima mashine kwa kukibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka taa izime. Chomoa chaja, flashi na kila kitu kilichochomekwa. Kisha kibonyeze kitufe hicho kwa muda wa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, uwashe. Mara nyingi dawa hii ndogo hutosha. Kwetu haikutosha.

Tatu, uliza kama mashine iko hai. Kibonyeze kitufe kilichoandikwa Caps Lock. Ikiwa kina kitaa, na kitaa hicho kinawaka na kuzima kila unapobonyeza, basi mashine inakusikia. Chetu kiliwaka na kuzima vizuri. Nilihisi moyo ukirudi mahali pake. Iwapo kitaa hakibadiliki, au unasikia milio au kuona taa ikipepesa kwa mpangilio fulani, hesabu milio hiyo. Kijitabu cha mtengenezaji hueleza maana yake, na mara nyingi huwa ni habari ya kumbukumbu au ya bodi kuu.

Nne, jaribu mwangaza. Pengine mwangaza umeteremshwa hadi mwisho. Bonyeza kitufe chenye picha ya jua. Katika mashine nyingine lazima ukishike pamoja na kile cha Fn. Halafu ingia penye giza, umulike kioo kwa tochi kimshazari. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, picha ipo, ila taa iliyo nyuma ya kioo ndiyo haifanyi kazi. Sisi tulimulika, hatukuona hata herufi.

Tano, kama mashine ni ya Windows, shika Windows, Ctrl na Shift kwa pamoja, ubonyeze B. Hiyo huiamsha upya programu inayosimamia picha. Tulisikia mlio mfupi, kioo kikabaki cheusi.

Sita, tafuta kioo kingine. Tulichukua projekta ya shule, tukaiunganisha kwa kebo ya HDMI. (Picha isipotokea, shika Windows ubonyeze P ili uchague ielekezwe wapi.) Lo! Ukutani ukatokea ukurasa wa kutukaribisha, ukituuliza tuko nchi gani. Darasa zima lilipiga makofi. Mashine ilikuwa nzima! Mshukiwa alikuwa amebaki mmoja: kioo chenyewe au kebo inayokiunganisha na bodi kuu.

Hapo mhazini akasema, "Si sasa tufungue tu, ni kebo!" La hasha. Kifaa kipya kina dhamana, na kukifungua mwenyewe kunaweza kukupokonya haki hiyo. Kujua ugonjwa si kibali cha kupasua mgonjwa.

Tulikirudisha dukani tukiwa na risiti, sanduku na lile daftari. Swali la kwanza la fundi lilikuwa, "Mliiangusha?" Koo lilinikauka. Nilimwambia kuhusu tuta, kisha nikampa daftari. Alisoma hatua zote sita bila kusema neno. Alikifungua mbele yetu, akatuonyesha ncha ya kebo ya kioo ikiwa imelegea, na kishikizo chake kikiwa wazi.

Nikamuuliza, "Ni lile tuta?"

Akatikisa kichwa. "Kishikizo kikifungwa, kebo haitoki kwa tuta moja. Hiki hakikufungwa tangu mwanzo."

Alikifunga, akawasha, kioo kikang'aa. Hatukulipa hata ndururu. Mhazini alinitazama, akatazama chini. Njiani tukirudi, aliomba akipakate yeye.

Najiuliza ingekuwaje kama tungekifungua kwa bisibisi ya maabara. Kile kishikizo kingepatikana wazi vile vile, lakini nani angetuamini? Na kama ningeficha habari ya tuta, ikajulikana baadaye, nani angeniamini mimi?

Kwa hivyo, mwenzangu, ukinunua kifaa, kiwashe dukani hata kama matatu inapiga honi. Kikikataa nyumbani, usikipige makofi wala usimtafute wa kumlaumu. Ngoja, mwaga umeme, bonyeza, mulika, unganisha kioo kingine, na uandike. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ukurasa huu niliuchapa kwa kipakatalishi hicho hicho. Kwaherini hadi toleo lijalo.