Gitaa la kwanza: Usinunue kwa macho pekee

MTU anayejifunza gitaa akakata tamaa baada ya majuma machache aghalabu huamini kwamba hakujaliwa kipaji. Mara nyingi kasoro imo katika chombo chenyewe. Nyuzi zimeinuka mno hata zikamwumiza vidole, au shingo imepinda hata sauti hazipatani. Ndiyo maana uteuzi wa gitaa la kwanza wastahili kufikiriwa vyema kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Swali la kwanza si bei, bali ni muziki gani mwanafunzi anataka kupiga. Katika mji wa Kisumu na sehemu nyingine za ufuo wa Ziwa Victoria nchini Kenya, wengi watajibu kwamba ni benga. Muziki huu ulichipuka miongoni mwa Waluo katika miaka ya 1950 na 1960, wapigaji walipohamishia kwenye gitaa mtindo wa nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane. Gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji, kisha humjibu kwa noti zinazodonolewa mojamoja kwa kasi. Hivyo ndivyo walivyopiga akina Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006.

Magitaa anayokutana nayo mnunuzi ni ya aina tatu. Lile la nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, lakini shingo yake ni pana na sauti yake ni ya upole. Gitaa kavu la nyuzi za chuma lina shingo nyembamba na sauti kali zaidi, ingawa huumiza vidole katika majuma ya mwanzo. Gitaa la umeme ndilo linalosikika katika bendi za benga, na nyuzi zake nyembamba hubonyezeka kwa urahisi. Hata hivyo, bila kikuza sauti na umeme halisikiki ipasavyo, na hivyo gharama huongezeka.

Kwa anayelenga benga na hana fedha za kikuza sauti, gitaa kavu la nyuzi za chuma ni mwanzo mzuri. Vidole vilivyozoea shingo yake havitapata taabu kubwa vitakapohamia kwenye la umeme. Mtoto mdogo atafutiwe gitaa la kimo chake. Na yeyote mwenye gitaa la nailoni asilifunge nyuzi za chuma. Nyuzi hizo huvuta kwa nguvu kubwa zaidi na zaweza kung’oa daraja au kupinda shingo.

Baada ya kuamua aina, lipime gitaa pale pale dukani au nyumbani kwa muuzaji. Lielekeze usawa wa jicho na kuitazama shingo kwa urefu wake. Mpindo mdogo sana ni wa kawaida, lakini shingo iliyojipinda kama kamba haifai. Kisha tazama nafasi kati ya nyuzi na kile kijiti cha chuma cha 12. Milimita 2 hadi 3 zinatosha kwa gitaa kavu. Zikizidi sana, mwanafunzi atateseka. Bonyeza kila uzi katika kila nafasi na usikilize kama kuna mlio wa kukwaruza.

Kipimo cha mwisho ni cha sikio. Kijiti cha 12 kipo katikati ya urefu wa uzi. Gusa uzi kwa wepesi juu yake na kuudonoa, kisha ubonyeze hapo hapo na kuudonoa tena. Sauti hizo mbili zapaswa kulingana. Zikitofautiana sana hata baada ya kufungwa nyuzi mpya, gitaa hilo halitapatana na mengine. Asiyejiamini aende na mpigaji mzoefu, hasa akinunua lililokwisha kutumika.

Hali ya ufuoni nayo ina lake. Unyevu wa hewa huifanya mbao ivimbe, nao ukichanganyika na jasho huzitia nyuzi kutu. Jua kali ndani ya gari lililofungwa laweza kulegeza gundi. Chunguza basi kama daraja limeanza kuachana na ubao na kama tumbo la gitaa limefura. Nyumbani, pangusa nyuzi kila baada ya kupiga na uhifadhi chombo katika mfuko wake, mbali na ukuta wenye unyevu.

Asitumie fedha zote kwa gitaa. Abakize za nyuzi za akiba, mfuko na kifaa cha kupatanisha sauti. Gitaa la kawaida lenye shingo nyoofu na nyuzi zinazobonyezeka litamfaa mwanafunzi kuliko lenye rangi ya kumeremeta lisilopatana sauti.