Ugumu si Ushupavu

Wako wanaodhani kwamba chuma kikiwa kigumu, basi kinafaa kwa kila kazi. Dhana hii ni potovu, na walimu hawana budi kuing'oa.

Mnamo Oktoba 20, 1944, mjini Cleveland, Marekani, tangi la gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kiowevu lilipasuka. Moto uliozuka uliwaangamiza watu wapatao 130. Tangi hilo lilikuwa limeundwa kwa pua yenye nikeli asilimia 3.5 tu. Katika baridi ya takriban nyuzi 160 chini ya sifuri, pua ya namna hiyo huwa kama kigae: ni ngumu, lakini huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Siku hizi matangi makubwa ya gesi hiyo aghalabu huundwa kwa mabamba yenye nikeli asilimia 9, ambayo hustahimili hata nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kiswahili hakikosi maneno ya kulieleza jambo hili. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Ushupavu ni kukataa kuvunjika. Mwanafunzi asiyeyatenga maneno haya mawili huenda kesho akachagua bamba lisilofaa. Likipasuka, tutamlaumu yeye au sisi tuliomfundisha?