Biskuti za Mbwa kwa Dona, Ndizi na Dagaa

Biskuti ya mbwa ni kitafunwa kidogo, kikavu, kinachookwa kwa unga, kitu cha kuushikamanisha kama yai au ndizi, na kiungo chenye harufu ya nyama au samaki. Haichukui nafasi ya mlo. Mbwa hupewa kipande kimoja anapoitika mwito, anapotulia mgeni akiingia uani, au anapokubali kufungwa kamba bila kupigana. Katika maduka ya mijini biskuti hizi huuzwa kwa bei ya juu zikiwa kwenye mifuko iliyotoka ng'ambo, ingawa karibu kila kinachohitajika kuzitengeneza kinapatikana katika jiko la kawaida la Mtanzania.

Biashara ya biskuti hizi ilianzia London karibu mwaka 1860, pale James Spratt, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, alipoanza kuuza keki ngumu za mbwa zilizotengenezwa kwa unga wa ngano, mboga na nyama. Husimuliwa kwamba wazo alilipata bandarini, alipowaona mbwa wakigombea biskuti zilizotupwa na mabaharia. Biskuti hizo za melini zilikuwa unga na maji tu, zikiokwa na kukaushwa mpaka ziweze kukaa miezi mingi bila kuoza. Msingi huo haujabadilika: kinachoilinda biskuti isiharibike ni ukavu wake.

Kwa anayetaka kuzitengeneza mwenyewe, kata ya Mkuyuni ni mahali panapofaa kwa kazi hii. Kata hiyo iko kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Matombo. Upande huo wa milima unaelekea Bahari ya Hindi na hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, hivyo ndizi, mihogo, mahindi, matunda na viungo hustawi. Mbwa wa vijiji vya aina hii ni wa kienyeji, wa mwili mwembamba na manyoya mafupi. Usiku hulinda nyumba. Mchana hufuatana na watu shambani kufukuza ngedere, nyani na nguruwe mwitu. Chakula chao cha kila siku ni ugali, mara nyingi wa pumba, pamoja na makombo ya mezani.

Mbwa na wanga

Huenda mtu akajiuliza kama mnyama wa jamii ya mbwa mwitu anafaa kulishwa unga. Jibu lilipatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu, wakakuta kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, ilhali mbwa wa kufugwa ana nakala kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula mabaki ya wakulima yalimbadilisha mbwa, akaweza kunufaika na nafaka.

Hata hivyo, wanga mbichi humeng'enywa kwa shida. Unga uliopikwa kwa maji ya moto, kama ugali au uji mzito, huvimba na kulainika, na hapo ndipo tumbo la mbwa huuvunja vizuri. Kwa sababu hiyo biskuti nzuri ya dona huanza kwa kuuloweka unga katika maji yanayochemka kabla ya kuukanda. Faida ya pili ni kwamba unga hushikamana. Mahindi hayana utando unaovutika kama wa ngano, na donge lililokandwa kwa maji baridi humeguka kabla ya kufika jikoni.

Njia rahisi kuliko zote ni ya kiporo cha ugali. Ugali uliolala hukatwa vipande virefu vya unene wa kidole, hupakwa supu ya dagaa isiyo na chumvi, kisha hukaushwa taratibu juu ya moto mdogo mpaka ugumu uingie hadi ndani.

Kuchagua unga

Hatari kubwa katika chakula cha mbwa cha nyumbani ni sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha ugonjwa na vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika nayo upesi, na ini ndilo hushambuliwa kwanza. Moto wa jikoni hauiondoi. Biskuti iliyookwa kwa mahindi mabovu inabaki na sumu yake hata ikinukia vizuri.

Kwa hiyo desturi ya kumtengea mbwa mahindi yaliyooza, pumba zenye ukungu au karanga zilizochambuliwa na kutupwa inapaswa kuachwa. Nafaka isiyofaa kwa mtu haifai kwa mbwa pia. Dona hupendekezwa kuliko sembe kwa kuwa ina kiini na ganda la punje, lakini mafuta ya kiini huifanya ichache mapema, hivyo isagwe kidogo kidogo. Unga wa muhogo unaweza kuchanganywa na dona ili kuishikamanisha, mradi muhogo ulimenywa, ukatayarishwa na kukaushwa ipasavyo. Muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri hutoa sayanidi.

Vya kuepuka

Vyakula kadhaa vinavyoliwa na watu bila madhara humdhuru mbwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na ndiyo maana mchuzi uliobaki haufai kukandia unga. Zabibu, ziwe mbichi kutoka Dodoma au kavu za kwenye keki, zinaweza kuzima figo. Chokoleti na kakao zina kemikali ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Zailitoli, sukari mbadala inayotiwa katika baadhi ya pipi, bazoka na siagi za karanga, hushusha sukari ya damu ghafla.

Katika eneo linalolima viungo kama Uluguru, kishawishi cha kutia viungo ni kikubwa. Kungumanga ina sumu kwa mbwa, karafuu na pilipili manga humkera tumbo, na mdalasini hauongezi chochote anachokihitaji. Chumvi na sukari ziachwe kabisa. Pua ya mbwa ina nguvu kuliko ulimi wake, na dagaa wachache waliosagwa humvutia kuliko kijiko cha sukari. Donge lenye hamira lisiachwe mahali anapolifikia, kwa sababu likiingia tumboni bichi huendelea kuumuka na kutoa kileo. Machicha ya pombe ya kienyeji yana hatari hiyo hiyo ya kileo.

Michanganyiko mitatu

Wa kwanza ni wa ndizi. Vikombe viwili vya dona humwagiwa kikombe kimoja cha maji yanayochemka, hukorogwa na kuachwa vipoe. Kisha huongezwa ndizi mbivu mbili zilizopondwa, yai moja, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, na unga wa ngano au wa muhogo kiasi cha kikombe kimoja, ukitiwa kidogo kidogo mpaka donge liache kunata mikononi.

Wa pili ni wa dagaa na viazi vitamu. Dagaa huoshwa mara kadhaa ili kuondoa mchanga, na wale wa chumvi hulowekwa na maji yake kumwagwa. Hukaushwa kwenye kikaango bila mafuta, kisha hutwangwa kinuni. Robo kikombe ya unga huo huchanganywa na kikombe kimoja cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja na vikombe viwili vya dona iliyokwisha kulowekwa kwa maji ya moto. Boga linaweza kutumika badala ya viazi.

Wa tatu ni wa maini. Robo kilo ya maini huchemshwa mpaka wekundu uishe ndani, husagwa au kukatwakatwa vidogo sana, kisha hukandwa pamoja na vikombe viwili vya unga wa ngano na supu yake. Kuchemsha huku si kwa ajili ya ladha. Maini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo aina ya tegu. Mbwa akiyala mabichi, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai yanayotoka na kinyesi huweza kumwambukiza mtu. Biskuti za maini zitolewe mara chache, kwa kuwa vitamini A ikizidi mwilini huleta madhara.

Kuoka bila oveni

Donge husukumwa kama chapati, unene wa nusu sentimita, kisha hukatwa kwa kisu vipande vya mraba visivyozidi ukucha wa kidole gumba. Vipande vidogo hukauka sawasawa na hutosha kwa zawadi. Mwenye oveni huoka kwa nyuzijoto 150 hadi 160 kwa dakika 40 au zaidi.

Kwenye jiko la mkaa hutumika sufuria kubwa nzito iliyotandazwa mchanga mkavu. Sahani ya bati yenye biskuti huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa, na makaa machache hupaliwa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Kabla ya kuanza, unga kidogo hunyunyizwa kwenye sahani. Ukigeuka rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika chache bila kuungua, joto linatosha. Biskuti hugeuzwa mara moja, katikati ya muda.

Zikishaiva haziko tayari bado. Makaa hupunguzwa na biskuti huachwa ndani ya sufuria, mfuniko ukiwa umeinuliwa kidogo ili mvuke utoke, kwa saa moja au mbili zaidi. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Inayopinda bado ina maji.

Kuhifadhi

Hewa ya upande wa mashariki wa Uluguru ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Biskuti zipoe kabisa kabla ya kutiwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, la sivyo mvuke wake utazilowesha. Za ndizi na za dagaa zilizokauka vizuri hukaa wiki moja hadi mbili, na za maini siku chache tu pasipo jokofu. Zikilainika bila kuota ukungu zinaweza kurudishwa motoni. Zenye doa la ukungu hutupwa zote, kwa sababu sumu huenea mbali kuliko doa linaloonekana. Zitupwe mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki.

Kiasi na namna ya kutoa

Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoipata mbwa kwa siku. Mbwa mzima wa kilo 15 anayefanya kazi ya kawaida huhitaji takriban kilokalori 850, kwa hiyo mgao wake wa biskuti ni kilokalori 85, sawa na gramu 20 hadi 25 za biskuti kavu. Kwa vipande vya gramu mbili, hivyo ni kama kumi kwa siku. Mbwa mnene apewe pungufu, na mtoto wa mbwa ambaye hajaanza kula vigumu asipewe.

Zawadi hufanya kazi ikitolewa papo hapo. Mfano mzuri uko Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mfupi wa kifaa kidogo na mara hiyo hupata chakula kama ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kwa mbwa, neno moja lisilobadilika linaweza kushika nafasi ya mlio huo: neno, kisha biskuti. Zawadi ikichelewa, mbwa haiunganishi na alichokifanya.

Faida mojawapo huonekana siku ya chanjo. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na kuumwa na mbwa, na kinga ya jamii huhitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Mbwa wengi hukosa chanjo kwa sababu hawashikiki. Aliyezoeshwa kwa biskuti kuvaa kamba na kuguswa shingoni hufikishwa kwa mchanjaji bila kumuumiza mtu.

Katika nyumba za Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi Afrika Mashariki, kufuga mbwa wa ulinzi au wa mifugo kunaruhusiwa, lakini mate yake ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Biskuti kavu hurahisisha jambo hili, kwa kuwa inaweza kurushwa chini au kuwekwa kwenye kibakuli cha mbwa peke yake bila mkono kuguswa na ulimi wake. Kiafya pia ni busara chombo cha mbwa kisichanganywe na vya watu.

Aina mpya ya biskuti ijaribiwe kwa kipande kimoja, na mbwa aangaliwe kwa siku moja. Akiharisha kidogo, kiambato kipya kiondolewe. Akitapika mfululizo, akilegea, akitetemeka, au ufizi na macho yakiwa ya manjano, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja, pamoja na mfano wa chakula alichokula.