Kivumbasi: Harufu Inayofukuza Mbu na Pepo

Mganga akitayarisha vuo la kumwogeshea mgonjwa mwenye pepo, kivumbasi hakikosi. Mama ambaye mwanawe amebanwa na mafua huchemsha majani hayo hayo kwenye nyungu, akamfunika shuka ili avute mvuke. Jua likitua, majani yaliyobaki hutupwa juu ya makaa ili mbu watoke. Ni kichaka kisicho na makuu, kina maua madogo meupe, nacho huota hata pembeni mwa choo. Nguvu yake yote iko kwenye harufu.

Watu huita kivumbasi spishi zaidi ya moja za jenasi Ocimum, jamaa wa karibu wa mrehani unaofumwa kwenye vikuba vya maharusi. Mbili zinajulikana sana Afrika Mashariki. Ocimum gratissimum mara nyingi hubeba yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake, na ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Ocimum kilimandscharicum, iliyopewa jina la Kilimanjaro, mara nyingi hujaa kafuri. Kafuri ndiyo Waislamu huitia kwenye maji ya mwisho ya kuoshea maiti. Kwa hiyo mmea huu, hata kwa kipimo cha maabara, unabeba harufu ambayo watu wetu wanaihusisha na kutakasa mwili.

Fikicha jani moja kati ya vidole. Uso wake umetapakaa vifuko vya mafuta vidogo mno, na vidole vinapovipasua, mafuta hugeuka hewa papo hapo. Mbu hututafuta kwa hewa ya ukaa tunayoitoa puani, kwa joto la mwili na kwa harufu ya ngozi. Mafuta ya kivumbasi huvuruga vinusio vilivyo kwenye vipapasio vyake, akashindwa kutupata vizuri.

Ila namna ya kufukiza ina maana kubwa, na hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya, ndani ya vibanda vya utafiti, dhidi ya Anopheles gambiae, mbu waenezao malaria. Majani yalipochomwa moja kwa moja, mbu walipungua kwa kiasi cha robo. Yalipopashwa moto juu ya bamba la chuma bila kuungua, walipungua kwa takriban nusu. Moto mkali huyaunguza mafuta. Joto la wastani huyatoa yakiwa mazima. Anayeweka majani juu ya kigae chenye moto badala ya kuyatumbukiza kwenye ndimi za moto anafanya jambo sahihi kabisa. Hata hivyo, nusu ya mbu bado wamo chumbani, kwa hiyo chandarua kibaki palepale.

Huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru wanaoishi kando ya msitu hupanda Ocimum kilimandscharicum mashambani mwao, wakakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata tuzo ya Equator. Napenda kwamba dawa imepatikana bila kuukwangua msitu.

Na pepo je? Sayansi haina kipimo cha pepo, wala sioni haja ya kujidai inacho. Inachoweza kueleza ni njia ya harufu: kutoka puani hufika haraka sana kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu. Mtu aliyezoea tangu utotoni kwamba harufu hii huja pamoja na dua, ngoma na watu wanaomjali, mwili wake huweza kutulia akiinusa tu. Kwenye mafua pia kuna jambo kama hilo. Kafuri huamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi puani, mgonjwa akahisi pumzi inapita vizuri, ingawa uvimbe wa ndani haujapungua. Nafuu anayoihisi ni ya kweli, lakini homa ya mapafu haiponi kwa nyungu. Mtoto anayepumua kwa kasi huku mbavu zikibonyea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mafuta yaliyokamuliwa si sawa na majani. Kafuri ikinywewa, hata kidogo, huweza kumtia mtoto degedege. Chupa ikae juu, mbali na mikono midogo, na mtoto mchanga asipakwe puani wala kifuani.