Chungu Kipi, Mmea Upi? Bustani ya Vyombo kwa Nyumba za Kyela



Kila mwaka, kati ya Machi na Mei, mboga za majani huadimika katika nyumba nyingi za Kyela. Jambo hili huwashangaza wageni wetu, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi ambayo wilaya nzima ni ya kijani. Mpunga umesimama mashambani, migomba na mikakao imenawiri, lakini tuta la mchicha nyuma ya nyumba liko chini ya maji. Mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani ikiwa imejaa, na tambarare yetu ya kando ya Ziwa Nyasa hupokea yote. Sokoni hubaki kabichi iliyoteremshwa kutoka Tukuyu, na si kila mama ana fedha ya kuinunua kila siku. Wanaoumia kwanza ni wajawazito na watoto wadogo, ambao mboga za kijani ndizo chanzo chao cha karibu cha vitamini A na madini ya chuma.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Maji yanapopanda huingia vyooni kabla ya kufika bustanini, na mboga inayobaki imesimama ndani ya maji hayo si salama. Kipindupindu si mgeni kando ya ziwa hili.

Ndiyo maana tumekuwa tukizihimiza kamati za sharika na parokia kuanzisha bustani za vyombo majumbani, yaani mboga zilizopandwa katika vyungu, ndoo, madumu na magunia, zikainuliwa juu ya ardhi. Maswali tunayopokea zaidi ni mawili: tutumie vyombo gani, na tupande nini? Toleo hili linajaribu kuyajibu.

Maelekezo mengi ya bustani za namna hii yameandikwa kwa ajili ya mahali pakavu au palipobanana. Bustani za magunia zilizoenea Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2008 zilikusudiwa watu wasio na kiwanja na wanaonunua maji kwa dumu. Mafunzo yanayotoka Dodoma, ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 600, hufundisha namna ya kutunza kila tone. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000. Anayefuata maelekezo ya Dodoma huku kwetu mwezi Aprili atazamisha mimea yake ndani ya chombo alichokinunua ili isizame. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji siku tatu mfululizo hauna hewa. Mmea hugeuka njano, hunyauka kana kwamba una kiu, na mwenye nyumba kwa huruma huuongezea maji.

Kwa hiyo, unapochagua chombo, uliza kwanza maji yatatokea wapi. Uzuri wa chombo utazame baadaye.

Hapa tuna bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Upande wa mashariki wa Matema, chini ya milima ya Livingstone, kinamama wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu na kuvichoma kwenye moto wa wazi. Vyungu huja kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi, na kutoka hapo husafirishwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Zamani vilibadilishwa kwa chakula. Leo ni fedha taslimu. Chungu kilichochomwa hivyo hakina rangi ya kuziba vitundu vyake, kwa hiyo hutoa jasho kama mtungi wa maji ya kunywa. Kwa mmea hilo ni jambo jema mara mbili: wakati wa mvua udongo hukauka upesi zaidi kuliko ndani ya ndoo ya plastiki, na wakati wa joto la Oktoba na Novemba mizizi hupoa.

Chagua chungu chenye mdomo mpana. Mtungi wa shingo nyembamba hupendeza, lakini mmea wenye mizizi mingi hautoki humo bila kuuvunja. (Mtungi mdogo una kazi nyingine nzuri: uzike hadi shingoni katikati ya tairi au beseni pana la mboga, ujaze maji, ufunike. Wakati wa kiangazi utayatoa polepole na kukuokolea safari za kisimani.) Kitako cha mviringo, ambacho wengi hukiona kuwa kasoro, hapa ni faida. Kikalishe juu ya matofali matatu kama mafiga, na hewa itapita chini yake.

Chungu cha kupikia hakina tundu, nalo ni la lazima. Njia bora ni kumwomba mfinyanzi mapema: "Mama, naomba unitobolee kitako kabla hujachoma." Tundu la unene wa kidole linatosha kwa chungu cha kawaida. Kama chungu kimeshachomwa, kiloweke usiku kucha, kigeuze kitako juu, kisha zungusha ncha ya msumari taratibu hadi itoboe. Ukigonga kwa nyundo utabaki na vigae.

Vigae navyo vina kazi. Weka kimoja juu ya tundu ili udongo usitoroke. Kimoja tu. Wengi wamefundishwa kujaza robo ya chombo kwa kokoto ili maji yapite vizuri, lakini hazisaidii: maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mmea hupoteza nafasi ya mizizi.

Kabla ya kununua chungu kizima, ulizia vyenye ufa. Katika kila uchomaji na kila safari ya mtumbwi kuna vinavyopasuka. Havifai tena kwa wali wala maji, lakini kwa mchicha vinafaa kabisa, na mama aliyevifinyanga anapata angalau kitu kwa jasho lake. Kifunge kwa waya au kamba chini ya mdomo, nacho kitadumu misimu kadhaa.

Si kila nyumba itapata vyungu vya kutosha, na si lazima. Ndoo iliyotoboka, dumu la lita 20 lililokatwa ubavu na sufuria kuukuu vyote vinafaa. Plastiki itobolewe kwa msumari wa moto, matundu matano au sita kitakoni, kwa sababu haitoi jasho. Dumu jeusi lisikae kwenye jua la mchana. Gunia linafaa likisimamishwa juu ya kichanja. Likikaa ardhini, sehemu ya chini huoza mwezi wa Aprili. Kuna vyombo ambavyo tunavikataa bila mjadala: vilivyobeba dawa za kilimo au mafuta ya mitambo, na makopo ya zamani ya rangi, ambayo yanaweza kuwa na risasi. Kuosha hakutoshi.

Kuhusu kichanja, mianzi ipo karibu kila kijiji. Kiwe cha urefu wa kiuno, kwa kuwa mafuriko ya uwanjani, kuku na mbuzi vyote huishia chini ya hapo. Kiwe imara pia: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa huzidi kilo 25.

Udongo wa jaruba la mpunga usiuweke peke yake kwenye chombo, kwa sababu unashika maji na ukikauka unakuwa tofali. Tunapendekeza madebe mawili ya udongo wa juu kutoka chini ya migomba, debe moja la samadi iliyooza vizuri, na debe moja la maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kufikia majivu. Maganda mabichi mengi hunyang'anya mimea naitrojeni yanapooza. Mchanga wa ufukweni unaweza kuongezwa bila hofu, maana maji ya Nyasa ni baridi na mchanga wake hauna chumvi kama wa pwani ya bahari. Ila hauna rutuba, basi uwe kidogo. Maganda ya kakao ni mbolea nzuri yakishaoza kabisa kwenye shimo.

Kuhusu mimea, tunaomba kamati zisianze na mbegu ambazo mfadhili amezipenda. Kabichi na karoti ni mimea ya ubaridi wa Rungwe. Huku chini, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto huzishinda. Matembele ndiyo mwanzo bora. Hayahitaji mbegu ya kununua. Kipande cha mche chenye urefu wa shubiri moja na nusu, vifundo vitatu vikiwa ndani ya udongo, huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, na huvumilia unyevu kuliko mboga nyingi. Mchicha huwa tayari wiki ya tatu au ya nne na hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo vyungu vipana na vifupi viwe vyake. Mboga ya maboga ipewe ndoo kubwa pembeni mwa kichanja, itambae yenyewe. Bamia, ngogwe na pilipili hupenda joto letu. Mmea mmoja kwa chombo cha lita 10 hadi 20 unatosha, na ngogwe ikitunzwa huzaa kwa miezi mingi.

Nyanya ndizo huvunja watu moyo. Mvua inapopiga majani yake mfululizo, bakajani huja bila kukosa. Zipandwe mwezi Mei mvua zikielekea ukingoni, katika udongo ambao haujawahi kuotesha nyanya, bilinganya wala viazi mviringo, kwa sababu vijidudu vya mnyauko hukaa humo. Anayetaka nyanya mwezi Machi aziweke chini ya upenu, majani yasilowe. Zote hizi za kuzaa matunda zinahitaji jua la saa sita kwa siku. Chini ya mwembe weka mboga za majani tu, au tangawizi.

Usiweke kisahani chini ya chungu. Mabuu ya mbu huhitaji siku chache tu za maji yaliyotuama, na Kyela haina haja ya mbu wa ziada. Wakati wa mvua gusa udongo kwa kidole kabla ya kumwagilia, na mara nyingi utaiacha ndoo. Wakati wa kiangazi mwagilia kila jioni, vyungu kabla ya plastiki, na mboga zioshwe kwa maji safi hata kama zimekua juu ya kichanja.

Wafadhili kadhaa wametuuliza kama watume vyungu vya plastiki au mifuko maalumu ya bustani. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini tungependa fedha hiyo inunue vyungu Lyulilo, na usafiri wa samadi kwa kaya zisizo na ng'ombe. Shilingi ileile hulisha nyumba mbili: ya anayepanda na ya aliyefinyanga.

Kamati zinazotaka kuagiza kwa pamoja zifanye hivyo Septemba au Oktoba. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa Mwera huchafua ziwa, na mvua zikishaanza kuni huloa na vyungu vibichi havikauki. Oda ikifika kabla ya Desemba, vyombo vitakuwa vimejazwa udongo na kupandwa Februari, na mboga itachumwa maji yanapopanda. Mwakilishi atakayekwenda aeleze upana wa mdomo kwa shubiri na aseme wazi kwamba vyungu ni vya kupandia, ili matundu yatobolewe udongo ukiwa bado mbichi.